Maji Yetu Katika Ua wa Jirani

Mwezi wa Oktoba hapa Dodoma ardhi haina rangi ya kijani, isipokuwa ile ya miarobaini. Majani yamekauka, upepo unarusha vumbi jekundu mpaka juu ya miswala, na mwenye bustani hujulikana kwa ndoo aliyobeba. Katika mwezi kama huo, mwaka juzi, nilisimama kwenye uzio wa bibi mmoja jirani wa msikiti wetu nikamsifu kwa majani yake ya maboga. Yalikuwa yametambaa mpaka ukutani, mapana kama sinia. Nikamwambia, "Bibi, wewe una mkono wa baraka." Akanitazama kitambo, kisha akasema, "Mjukuu wangu, mimi hapo sijamwagilia tangu Juni."

Sikuielewa kauli ile. Ningependa niseme kwamba sikuielewa kwa kuwa mimi si fundi wa mabomba, lakini yakini ni kwamba sikutaka kuielewa. Bibi huyo, Mgogo na muumini wa Kanisa la Anglikana, alikwishafika ofisini kwetu mara 2 kulalamika kwamba ukuta wa chumba chake cha nyuma una unyevu, sakafu inatitia, na usiku kuna harufu. Kila mara alisimama mlangoni akanisalimu kwa Kigogo, "Mbukwa", akavua kandambili asije akachafua zulia, akaeleza haja yake kwa sauti ya chini. Kila mara nikamjibu kwamba tutaangalia.

Alipokuja mara ya 3 nilimwandikia barua.

Ndugu msomaji, nimekuwa katibu wa kamati ya msikiti kwa mwaka wa 5 sasa. Chuoni nilisoma lugha, fiqhi na usuli wake, na kama kuna jambo nililotoka nalo ni kalamu. Barua ile ilikuwa fasaha mno. Ilisema kwamba uongozi "umefuatilia na kujiridhisha" kuwa unyevu ule hautokani na majengo ya msikiti, na ikamnasihi mlalamikaji akague shimo la choo chake. Nikaigonga muhuri. Uongozi haukuwa umefuatilia chochote. Mimi nilikuwa nimechungulia uani kwa dirisha, nikaona pakavu, nikarudi kwenye kiti.

Huenda wasomaji walioko mitaa mipya ya pembezoni hawajui habari za mabomba ya chini, kwa kuwa nyumba nyingi za mji huu hazijaungwa na mtandao wa majitaka. Zina mashimo yao, na shimo likijaa huitwa gari la kunyonya. Sisi wa mitaa ya katikati tumeungwa. Majitaka yetu hupita chini ya ardhi, chemba hadi chemba, mpaka kwenye mabwawa ya Swaswa, ambako jua na vijidudu hufanya kazi ya kuyasafisha taratibu. Neema hiyo ina mtihani wake. Mwenye shimo huliona likijaa, lakini mwenye bomba hufungua bomba la maji akasahau. Nao mji wenyewe umebadilika. Uliteuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973, serikali ikahamia kwa kishindo baada ya tangazo la 2016, ukapewa hadhi ya jiji tarehe 26 Aprili 2018. Sensa ya 2012 ilihesabu watu laki 4 na ushei, na ile ya 2022 ikavuka laki 7 na nusu. Kiwanja kilichokuwa na kaya 1 leo kina wapangaji 8, wote wakitumia bomba lilelile. Msikiti wetu wenyewe, uliojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa safu chache za waumini, siku ya Ijumaa hujaa mpaka barazani.

Basi ikaja Ijumaa ya mwezi wa Januari. Mvua kubwa ilianza kunyesha kabla ya adhana ya pili. Imamu hajafika katikati ya khutba, kijana akaja kuninong'oneza kwamba vyoo vyote vimerudisha. Nilitoka nikakuta maji yakipanda badala ya kushuka, na watu wamesimama juu ya ngazi za sehemu ya kutilia udhu wakiwa wameshika kanzu zao. Mengine sitayasimulia katika ukurasa unaosomwa na familia.

Kesho yake tulimpata fundi, mzee mmoja mwenyeji wa Kondoa, mpole, mwenye swali kabla ya jibu. Hakushika chombo chochote kwanza. Aliuliza, "Ustadh, kimeziba choo kimoja au vyote?" Nikamwambia vyote. "Kabla ya jana, mlisikia choo kikikoroma mtu akifungua maji mahali pengine?" Nikakumbuka kwamba tulikisikia tangu Ramadhani, tukakizoea. Akanieleza kile ambacho kila mwenye nyumba anapaswa kukijua: choo kimoja kikiziba peke yake, tatizo liko kwenye tawi lake na pengine hata mpira wa kusukumia unatosha, vikigoma vyote kwa pamoja, tatizo liko kwenye bomba kuu, na kumwaga dawa kali ni kupoteza fedha na kuunguza mikono ya watakaokuja kuzibua.

Vijana wetu, kwa hima yao, walitaka kushuka kwenye chemba wakazibue kwa mikono. Mzee alipaza sauti mara moja tu katika siku zote alizofanya kazi kwetu, na ilikuwa hapo. Alifungua mfuniko, akasogea upande upepo unakotoka, akaacha pakae wazi muda mrefu, wala hakumruhusu yeyote kuingiza hata kichwa. Majitaka yaliyotuama hutoa gesi yenye harufu ya yai viza, na ikizidi pua huacha kuisikia kabisa. Mtu hudhani hewa imekuwa safi ilhali yuko karibu kuanguka. Anayeshuka kumwokoa naye huanguka juu yake. Nawaomba akina baba na akina mama wanaowatuma vijana wa mtaani "wakashuke kidogo" kwa ujira wa chakula cha mchana waache jambo hilo.

Baada ya kuzibua kwa fito ndefu alizoziunga moja baada ya nyingine, aliomba vioo 2. Tukamtolea kile cha sehemu ya udhu, na cha pili akakileta kijana kutoka kwa kinyozi. Nilidhani mzee anataka kujitazama. Kumbe alikishika kimoja juu ya chemba ya kwanza, akalinasa jua la saa 5 asubuhi, akalielekeza chini, akanipa kingine nikiinamishe juu ya chemba ya pili. "Ukiona duara kamili la mwanga, bomba limenyooka na ni safi. Ukiona nusu, limelala. Usipoona, kuna kitu." Siku hizi zipo kamera ndogo zinazosukumwa ndani ya bomba kwa waya mrefu, na mwenye uwezo wa kuikodi asisite; sisi tulikuwa na jua la Dodoma, nalo halikodishwi. Niliona kipande chembamba cha mwanga kama mwezi mwandamo, kisha giza lenye nyuzinyuzi.

"Maji yanatoka njiani," akasema. "Tujue yanakwenda wapi."

Akamtuma kijana Soko la Majengo kununua rangi ya ukili, ile nyekundu ya kusukia mikeka. Ikakorogwa katika ndoo, ikamwagwa chooni, ikafuatishwa ndoo nyingine 10. Tukaketi chini ya mwarobaini tukisubiri chemba ya mtaani ibadilike rangi. Maji yaliyofika kule yalikuwa machache na yamepauka. Baada ya swala ya adhuhuri tukasikia hodi. Alikuwa bibi, pamoja na mjukuu wake anayesoma sekondari. Akasalimu kama kawaida yake, akavua kandambili kama kawaida yake, kisha akauliza, "Katibu, leo mmechinja ng'ombe wangapi? Ua wangu una damu."

Hakuna aliyecheka. Tulivuka kwake. Chini ya majani ya maboga niliyoyasifu, ardhi ilikuwa nyekundu, na wekundu ule ulikuwa unapanda kwenye msingi wa chumba cha nyuma. Mjukuu alisimama akinitazama. Nilijua bila ya kuambiwa kwamba yeye ndiye aliyemsomea bibi yake ile barua.

Tulipochimba, sababu zilijipanga mbele yetu. Bomba letu lilikuwa la zege. Mzee alilipasua kwa nyundo akatuonyesha: tumbo lake lilikuwa zima, lakini paa lake limelika likawa jembamba kama gamba. Akaeleza kwamba ile gesi ya yai viza, ikipanda juu ya bomba lenye unyevunyevu, hugeuzwa na vijidudu kuwa asidi inayokula zege kutoka juu. Maji yanayokwenda polepole katika nchi ya joto huharakisha jambo hilo. Mbele kidogo bomba lilikuwa limetitia kwenye udongo mweusi, ule unaovimba masika na kupasuka kiangazi, na kwenye tumbo hilo uchafu ulikuwa umekaa miaka. Kwenye maungio mizizi ya mwarobaini ilikuwa imeingia kwa nyufa zisizopitisha hata sindano, ikanenepa ndani kama mkia wa farasi. Na katika chemba ya kwanza tulikuta bomba la mfereji wa paa. Mtu fulani zamani, kwa kutaka uani pawe nadhifu, aliliunga maji ya mvua kwenye majitaka. Hiyo ndiyo siri ya Ijumaa ile: paa zima la msikiti lilikuwa limemwaga mvua yake ndani ya bomba lililokwisha kuwa nusu.

Usiku huo kamati ilikaa. Nitasimulia kikao hicho kwa urefu kuliko uchimbaji, kwa sababu kilikuwa kigumu zaidi.

Mzee mmoja wetu, mtu wa kheri na mkongwe kuliko sote, alisema kwamba bomba lilikuwapo kabla bibi hajajenga. Yeye alilikuta. Tuzibe paliposasambuka, tumpe pole, yaishe. Hakuwa akisema upuuzi. Ipo kanuni katika fiqhi kwamba jambo la kale huachwa katika ukale wake, nayo imo katika Majalla, ile sheria ya miamala iliyokusanywa na dola ya Uthmaniya katika karne ya 19. Ni kifungu cha 6. Nikaona nusu ya kikao inatikisa vichwa kukubali, na mimi nusu ya moyo wangu pia, kwa sababu lau hoja ile ingesimama, barua yangu ingepata pa kuegemea. Imamu akamwacha mzee amalize, kisha akauliza kwa upole, "Na kifungu cha 7?" Kifungu cha 7 kinasema, kwa maana yake, kwamba madhara hayapati haki kwa kuzeeka. Kilichotambaa kwenye msingi wa jirani kwa miaka 10 kina makosa ya miaka 10, hakina haki ya miaka 10.

Nikiwa nimenyamaza nilimkumbuka Ibn al-Rami wa Tunis, fundi mjenzi wa karne ya 14 ambaye chuoni tulitajiwa kwa sentensi moja tu. Aliandika kitabu kizima kuhusu hukumu za majengo: kuta za pamoja, madirisha yanayochungulia, mifereji, mashimo ya vyoo. Makadhi walikuwa wakimtuma akakague palipogombaniwa ndipo watoe hukumu. Wao walianza na fundi wakamaliza na kalamu. Mimi nilianza na kalamu.

Likaja suala la fedha. Tulikuwa na akiba nzuri, lakini ilichangwa kwa ajili ya zulia jipya, na kila risiti imeandikwa "zulia". Wengine walisema fedha ya msikiti ni fedha ya msikiti, na choo nacho ni cha msikiti. Imamu akakataa. Aliyetoa kwa shuruti maalumu, shuruti yake inalindwa. Kama tunataka kuihamisha, twende tukamwombe idhini mwenyewe. Basi kwa siku 9 mimi na mweka hazina tulikwenda mlango kwa mlango na daftari. Wengi waliridhia papo hapo, wengine wakaongeza. Mama mmoja muuza vitumbua alisema ni afadhali asujudu kwenye jamvi kuliko kusujudu juu ya haki ya mtu. Mfanyabiashara mmoja alikataa katakata. Alinuia zulia kwa ajili ya marehemu mama yake, na zulia litakuwa zulia. Fedha yake imo ndani ya bahasha mpaka leo, wala hatukumlaumu, ingawa nakiri kwamba siku ile nilitoka kwake nimekunja uso.

Vijana walitaka mwarobaini ukatwe. Chini ya mti huo wazee huketi kusubiri alasiri, na jeneza hupumzishwa hapo kabla ya kubebwa. Fundi akasema mti hauna kosa; ulifuata maji tuliyoyavujisha sisi. Tukalihamisha bomba badala ya mti. Njia ya zamani ilikuwa mita 19. Mpya, iliyouzunguka mwarobaini na kukaa mbali na ukuta wa bibi, ikawa mita 23, na kwenye kona tukajenga chemba, maana bomba halipaswi kupinda mahali ambapo fito haziwezi kufika. Tulitumia mabomba 4 ya plastiki ya inchi 6, yaliyolazwa juu ya mchanga laini ili udongo mweusi ukivimba usiyavunje. Mteremko mzee aliuweka wa sentimita 1 na nusu kwa kila mita, yaani sentimita 34 na nusu kutoka mwanzo hadi mwisho, na alikuwa akipima kwa kamba na pimamaji kila baada ya hatua chache, akimrudisha kijana kufukua hata kwa upana wa kidole. Kibali tuliomba DUWASA, kwa kuwa chemba ya mtaani ni ya mamlaka na si ya kuguswa na fundi wa kujitegemea.

Kabla ya kufukia, aliziba mwisho wa chini, akajaza bomba maji, akaweka alama kwa mkaa kwenye chemba ya juu, akatwambia twende tukaswali. Tuliporudi maji yalikuwa palepale kwenye alama. Kama kuna jambo moja ningeomba mwenye nyumba amdai fundi wake, ni hilo. Fundi anayefukia upesi ana sababu zake.

Mvua ya paa sasa inakwenda kwenye tangi. Maji ya udhu nayo tumeyatenga. Katika madhehebu yetu ya Shafi maji yaliyokwisha kutumika kwa udhu hayatoharishi tena, lakini yenyewe ni tohara, si najisi. Kuyachanganya na ya choo katika mji unaovuta maji yake kutoka visima vya Mzakwe ni kuyapoteza mara 2. Yanapita kwanza kwenye kijichemba kinachonasa mchanga, kwa sababu miguu ya watu wa Dodoma huleta mchanga kuliko mnavyodhania, kisha yanaumwagilia mwarobaini upande wa pili, mbali na bomba. Mti nao umepewa haki yake bila ya kuvunja ukuta wa mtu.

Ilibaki nyumba ya bibi. Tulimvunjia ile sakafu tukaijenga upya, tukampiga lipu ukuta baada ya kukauka, na tukamwomba ang'oe maboga yale na asipande mboga mahali pale kwa muda. Hilo ndilo lililomuuma. Alisimama akitazama vijana wakiyang'oa, akasema yalikuwa matamu. Nilikuwa nimekula, Mungu anisamehe; alituletea mlenda na majani ya maboga wakati wa msiba mmoja hapo msikitini, katika miezi ileile niliyokuwa nikimwambia tutaangalia.

Nilikwenda kumwomba radhi nikiwa peke yangu, alasiri, bila daftari. Nilimwambia kwamba niliandika uongo na kuugonga muhuri, na kwamba naiomba ile barua niichane mbele yake. Alimtuma mjukuu ndani. Mjukuu akarudi na mfuko wa nailoni, ndani yake barua imekunjwa vizuri pamoja na kadi ya kliniki na risiti za kodi ya kiwanja. Bibi akaipokea, akaitazama upande wa muhuri, akairudisha ndani ya mfuko.

"Radhi nimekupa," akasema. "Barua nitakupa mvua zikipita."

Hapa kwetu mvua hukoma Aprili. Ninapoandika haya tuko katikati ya Machi, na usiku wa jana ilinyesha mpaka karibu na alfajiri. Nilipomaliza kuswali nilikwenda kufungua chemba ya konani, nikakuta maji yanapita; kisha nikasimama kwenye uzio. Bibi alikuwa amekwishatoka, ameinama, anapapasa ukuta wake kwa kiganja.

"Mbukwa, bibi," nikamwita.

"Mbukwa. Bado mkavu," akajibu. "Rudi kesho."